Mathe Ako Nyamarambe na Mfuko wa Dawa: Nani Anamwambia Ameze Nini, Saa Ngapi?

Stori iko hivi. Wewe uko Pipeline kwa bedsitter, Ijumaa jioni umetuma 1,500 kwa M-Pesa. Mathe ako ocha, Nyamarambe, kule South Mugirango, na baada ya saa moja anakupigia: "Asante mwanangu, dawa nimenunua." Unapumua. Presha imeshughulikiwa, sukari imeshughulikiwa, sasa unaweza kurudi kwa hustle bila presha yako mwenyewe kupanda.

Lakini kununua ni kitu moja na kumeza ni kitu ingine. Hapo katikati ndipo wasee wengi wanaumia, na hapo hakuna kamera, hakuna daktari, hakuna mwanasiasa anakuja kuzindua kitu.

Chukua ule mfuko wa dawa. Karibu kila boma iko nao: mfuko wa nailoni (ndiyo, ile iliyopigwa marufuku 2017, bado iko) umeninginia kwa msumari ama umekaa juu ya kabati. Ndani kuna vibahasha vya kemisti vimeandikwa kwa kalamu "1x2", "2x3", "1x1". Kuna nusu dozi ya Amoxil ya mwaka jana. Kuna tembe za malaria zilizobaki baada ya homa kushuka. Kuna diclofenac ya jirani, eti ilimsaidia mgongo. Kuna dawa ya presha ya hospitali na dawa ya presha ya kemisti, na hizo mbili zinaweza kuwa dawa moja yenye majina mawili.

Hata zile hesabu za kwenye bahasha ni mtego. "1x3" maana yake ni tembe moja, mara tatu kwa siku. Mtu ambaye hakuelezwa anaweza kuisoma kama tembe tatu kwa mpigo. Unacheka? Kumbuka mara ya mwisho ulichukua dawa dirishani ulielezwa kwa sekunde ngapi, foleni ikikusukuma mgongoni.

Si Kisii peke yake. Shirika la Afya Duniani lilianzisha kampeni ya kimataifa mwaka wa 2017 kuhusu madhara ya dawa zinazotumiwa visivyo, na likakadiria kwamba makosa ya dawa yanagharimu dunia dola bilioni 42 kila mwaka. Ni pesa ambayo kichwa chako na changu haziwezi kuishika, kwa hivyo turudi kwa ule mfuko.

Serikali inajua kuna pengo kati ya hospitali na nyumba. Ndiyo maana Septemba 25, 2023, Rais William Ruto alisimama Uhuru Park akaachilia wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, wale tunaita CHP, kila mmoja na mkoba wake: mashine ya presha, ya sukari, kipimajoto, mizani, simu. Kila mmoja anashughulikia karibu nyumba 100. Mimi naona hiyo ilikuwa move ya maana sana. Shosho ambaye hajawahi kupimwa presha maisha yake yote sasa anapimwa akiwa kwa kiti chake, kuku wakipita mlangoni.

Shida ni kwamba mashine inapata ugonjwa, haipangi mfuko. CHP akikuta presha iko juu, anakuandikia uende hospitali. Unaenda, unapewa dawa, ama unaambiwa hiyo hatuna, kanunue nje. Unarudi nyumbani na bahasha tano. Nani anakaa chini na wewe dakika 20 mzipitie moja moja? Mtu mwenye nyumba 100 hana hizo dakika.

Sasa niulize swali la kizembe. Nani anamuona mathe kila wiki, bila kukosa, na akikosa anaulizwa?

Kanisa.

Gusii ni ngome ya Waadventista tangu misheni ya Nyanchwa miaka ya 1910. Wakatoliki nao walishika Nyabururu wakati huo huo, na pale Tabaka, South Mugirango hiyo hiyo, kule kwa mawe ya kuchonga, wako na hospitali ya misheni. Makanisa ya Kiadventista yako na idara ya afya na kina mama wa Dorkas wanaotembelea wagonjwa. Wakatoliki wako na jumuia ndogondogo, majirani wanaokutana nyumba kwa nyumba. Na mara nyingi yule CHP anayebeba mkoba Jumanne ndiye anaimba kwaya Jumamosi.

Nguvu yao si utakatifu, bana. Nguvu yao ni mahudhurio. Hospitali inakuona siku umeumwa. Kanisa linakuona siku umepona, ambayo ndiyo siku watu huacha dawa.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza: "Magokoro, tuletee mfuko wote." Wote, pamoja na mitishamba, pamoja na zile za jirani. Unamwaga mezani. Kisha unauliza bila kuhukumu: hii unameza ya nini? Saa ngapi? Ya mwisho ulimeza lini? Imekufanyia nini mwilini? Hapo ndipo stori zinaanza kutoka, na nyingi ni za aina ambayo daktari hawezi kuzisikia kwa sababu hajui maisha ya kanisa.

Mfano wa kwanza, na huu ukiuliza watu wazima watakuambia kwa kunong'ona. Kuna dawa za presha zinazokufanya ukojoe sana. Ibada ya Sabato ni ndefu, choo kiko mbali, na shosho hataki kuinuka mbele ya watu mara tatu mzee wa kanisa akihubiri. Kwa hivyo Sabato hamezi. Mazishi hamezi. Siku ya safari ya Kisii mjini hamezi, matatu haisimami. Ukihesabu, wiki moja anameza siku nne. Akienda kliniki presha iko juu, daktari anadhani dawa imeshindwa, anamwongezea nyingine. Dawa haikushindwa. Kilichoshindwa ni choo cha kanisa. Muumini mwenzake anaweza kujua hilo, kisha amwambie aulize kliniki kama anaweza kumeza saa tofauti siku hizo. Suluhu ni bure kabisa.

Mfano wa pili ndio unaniogopesha. Mchungaji anatangaza mfungo wa siku tatu, bila chakula, tunaombea taifa ama jengo jipya. Ndani ya hiyo kanisa kuna watu wa kisukari wanaotumia insulini ama tembe kama glibenclamide, ambazo zinashusha sukari hata kama hujakula chochote. Ukimeza na usile, sukari inaporomoka. Unaanza kutokwa na jasho, kutetemeka, kuongea vitu haviingiani, unaweza kuanguka na kuzimia. Sasa fikiria hayo yakitokea katikati ya maombi ya usiku. Mwingine atasema ni Roho ameshuka. Mwingine atasema ni pepo, ashikwe aombewe zaidi. Na huyo mtu anachohitaji ni soda ya kawaida ama maji yenye sukari, sasa hivi akiwa bado anaweza kumeza, kisha chakula. Akiwa amezimia usimmiminie kitu mdomoni, kimbiza hospitali.

Hakuna daktari anayejua kalenda ya mfungo ya kanisa lako. Mtu wa afya wa kanisa anaijua wiki mbili kabla. Akisimama kwa matangazo aseme "wenye kisukari waone kliniki kabla ya kufunga, na hakuna dhambi kutofunga", amefanya kitu ambacho mashine zote za Uhuru Park haziwezi kufanya.

Kuna zingine nitapita haraka. Wanaochonga na kubeba mawe Tabaka, na wanaolima, migongo inauma, na diclofenac na ibuprofen zinauzwa kama peremende. Hizo zinaweza kupandisha presha na kuumiza figo, hasa kwa mtu ambaye tayari ako kwa dawa za presha. Paracetamol nayo iko ndani ya dawa nyingi za homa na flu, kwa hivyo mtu anameza ya kichwa, anameza ya flu, anapitisha kipimo bila kujua. Mtu mzima hafai kupita tembe 8 za miligramu 500 kwa siku. Dawa ya malaria ya AL ni tembe 24 kwa mtu mzima, nne asubuhi nne jioni siku tatu, na inaingia vizuri ukila kitu chenye mafuta ama maziwa. Ukiacha siku ya pili kwa sababu umepata nguvu, umewaacha vijidudu na wao wapate nguvu. Dawa ya TB yenye rifampicin inapunguza nguvu ya tembe na vipandikizi vya kupanga uzazi, na wasichana wengi wanagundua hilo wakiwa tayari na mimba.

Na usijitoe wewe wa mtaani. Ukihisi koo linawasha unanunua Amoxil tembe sita za mia moja, dozi nusu, bila cheti. Utafiti uliochapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka wa 2022 ulikadiria watu milioni 1.27 walikufa mwaka wa 2019 kwa sababu ya bakteria waliozoea dawa. Mfuko wa mathe na droo yako ni ndugu.

Sasa tuje kwa upande wenye giza, kwa sababu kanisa na dawa wana historia na haipendezi yote.

Unakumbuka Kikombe cha Babu? Mwaka wa 2011, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Masapila, alikuwa akigawa kikombe cha dawa ya mizizi kijijini Samunge, Loliondo, Tanzania, kwa shilingi 500 za kule. Foleni ya magari ilienda kilomita na kilomita. Wakenya walivuka mpaka kwa matatu na wengine kwa helikopta. Kuna waliotoka vitandani hospitalini kumfuata, na kuna walioacha ARV wakiamini wamepona. Babu alifariki Julai 2021, na mjadala ukafa naye, lakini wale walioacha dawa walibaki na miili yao. Halafu Shakahola, 2023, miili zaidi ya 400 ikafukuliwa msituni. Hiyo ilikuwa mambo ya kufunga hadi kufa, si tembe, lakini inakuonyesha neno la mhubiri linaweza kumpeleka mtu wapi.

Kwa hivyo mtu akiniambia "tuwape watu wa kanisa kazi ya dawa", swali langu ni moja: ni nani anawawekea mipaka? Kwa sababu sauti ile ile inayomfanya magokoro akubali kumeza ndiyo inayoweza kumfanya atupe.

Mipaka yenyewe iko wazi ukiamua kuiona. Mtu wa kujitolea haandiki dawa. Hasimamishi dawa, hata kama anaona ni nyingi. Hahamishi tembe za mama huyu kwenda kwa mama yule. Akiona kitu hakieleweki, anaandika kwa karatasi na anampeleka mgonjwa, pamoja na mfuko, kwa mtu wa famasi hospitalini. Ushuhuda wa "nilitupa dawa nikapona" haupewi maikrofoni mpaka kuwe na vipimo, na hapo najua nitatukanwa na watu wa injili, lakini nasema tu.

Na kitu kingine ambacho watu wanaogopa kusema: hauzi chochote. Unajua ile hustle ya vidonge vya kuongeza damu, chai ya kusafisha figo, poda ya kushusha sukari, inayouzwa kwa mtandao wa waumini, kila mtu akitafuta watu chini yake. Huwezi kuwa unapanga mfuko wa mgonjwa huku unauza kitu cha kuingia ndani yake. Chagua moja.

Halafu kuna siri. HIV bado ina aibu vijijini, usidanganywe na mabango. Watu wengine huhamisha ARV kutoka kwa chupa yake kwa sababu zikicheza zinasikika, wanazifunga kwa karatasi ama plastiki, na unyevu unaziharibu. Wengine wanameza dolutegravir pamoja na dawa ya kiungulia ama ya kuongeza damu, bila kujua hizo zinaweza kuizuia isiingie vizuri mwilini. Ni mambo ya kurekebishwa na sentensi mbili, lakini nani atamwambia mtu wa kanisa kwamba anameza ARV, kama mtu huyo ndiye redio ya kijiji? Sheria ya HIV na Ukimwi ya mwaka wa 2006 inalinda siri ya hali yako. Mjitoleaji anayemwaga mtama hafai kupewa onyo. Atolewe.

Hii imekuwa nzito zaidi tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje. Kliniki za HIV nchini zilipoteza wafanyakazi, wakiwemo wale waliokuwa wanawafuata wagonjwa nyumbani na kuwapigia simu. Pengo lile linajazwa na nani? Mara nyingi na mama fulani asiyelipwa.

Na hapo kwa kulipwa ndipo inaniuma. CHP anafaa kupata 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kaunti, na malalamishi ya kuchelewa yamekuwa wimbo. Mtu wa kanisa hapati hata hiyo. Anaambiwa atalipwa mbinguni. Wengi ni wanawake, wana mashamba yao, wana wajukuu. Kama kanisa linaweza kuchanga za maikrofoni na za suti ya mgeni, linaweza kuchanga za bodaboda za kumpeleka magokoro na mfuko wake hospitali.

Pesa na akili makanisa wako nazo, tusidanganyane. Mwaka wa 1986 makanisa ya Kikatoliki na Kiprotestanti Kenya yalianzisha MEDS, shirika linalonunua na kupima dawa na kusambazia hospitali nyingi nchini. Yaani kanisa linajua kununua dawa kwa malori na kuipima kwenye maabara. Halafu dawa hiyo hiyo ikifika kwa benchi la nyuma la kanisa la kijijini, hakuna anayeuliza imemezwa vipi.

Kule Marekani, mwaka wa 1984, mchungaji wa Kilutheri anaitwa Granger Westberg alianza kuweka manesi ndani ya makanisa ya eneo la Chicago. Tofauti ni hilo neno moja: manesi. Sisi hapa tunampa mtu aliyefunzwa siku mbili, ama hajafunzwa, tunasema aende. Na bado Gusii hakuna kanisa kubwa lisilo na nesi mstaafu, ama mwanafunzi wa KMTC anayekuja likizo, ama fundi wa famasi anayeketi nyuma kimya. Huyo ndiye wa kuanza naye. Yule mwenye sauti ya kuombea wagonjwa anaweza kumsindikiza.

Wewe ukiwa Nairobi huwezi kuwa pale, lakini una simu. Wikendi hii usimuulize mathe "dawa uko nazo?" Mpigie video, mwambie amwage mfuko wote kitandani, asome jina la kila moja pole pole. Ukisikia jina mara mbili, ama dawa mbili za maumivu na moja ya presha, usimwambie aache. Mwambie aende nazo hospitali zikiwa kwa mfuko huo huo. Na kabla ya kutuma doo ya dawa tena, jua inaenda duka gani. Duka lililoidhinishwa na Bodi ya Famasi na Sumu lina namba ya usalama ukutani. Unaituma kwa SMS kwenda 21031 unajibiwa kama duka ni halali.

Agosti ni makambi. Waadventista Gusii nzima watakuwa wiki kwenye viwanja, mathe wako ndani, wakilala kwa hema ama kwa darasa la shule, wakila saa si zao. Chupa ya insulini ambayo haijafunguliwa inataka baridi ya friji. Iliyofunguliwa inaweza kukaa nje kama wiki nne bora isipate joto kali, na pasipo umeme chungu cha udongo chenye maji kimesaidia watu. Kamati ya makambi huwa na mtu wa jikoni, mtu wa vyombo vya muziki, mtu wa usalama. Muulize mathe yako nani amepewa orodha ya wenye sukari, na chungu kitakaa hema gani.